Majina 400, shilingi 250,000

Wachumba waliokuja kwangu mwezi uliopita walibeba madaftari mawili. La bwana harusi lilikuwa la pesa: shilingi 250,000, akiba yao ya miaka miwili pamoja na kile walichoahidi wazazi wa pande zote. La bibi harusi lilikuwa la wageni, limeandikwa kwa mwandiko safi, ukoo baada ya ukoo, na chini ya ukurasa wa mwisho ilikuwepo jumla: 400. "Anti, tuanzie wapi," akaniuliza, "gauni au ukumbi?" Nikavuta daftari la majina.

Nimeratibu harusi hapa Nairobi kwa miaka 12 sasa, nyingi zikiwa za watu wa mishahara ya kawaida: walimu, wauguzi, wenye vibanda, vijana wa ofisini ambao bado wanalipa mkopo wa chuo. Nimesimamia harusi ndogo zilizowatoa wazee machozi ya furaha, na nimesimamia kubwa ambazo wageni walirudi nyumbani na njaa. Mara nyingi tofauti ilianzia kwenye orodha ya wageni. Kila jina unaloandika linataka kiti, sahani, soda, kipande cha keki na kivuli cha kukaa. Hema la watu 100 haliwezi kumeza 130, kwa hiyo unakodi la pili. Watu wakizidi, spika zinaongezwa, vyoo vinaongezwa, wahudumu wanaongezwa. Chukua chakula peke yake. Mpishi akikutoza shilingi 800 kwa sahani, watu 400 ni 320,000. Wachumba wangu walikuwa wameshapita bajeti yao yote kabla hata ua moja halijanunuliwa. Watu 120 kwa bei hiyohiyo ni 96,000, na zinabaki 154,000 za mambo mengine yote. Nilipoandika hesabu hizo mbili kando kwa kando, bwana harusi alinyamaza kwa muda, kisha akamsogezea mwenzake kalamu.

Kukata majina kunauma, nalijua hilo. Kwetu harusi ni ya ukoo mzima, na mama aliyehudhuria harusi za watoto wa wenzake kwa miaka 30 anaona aibu kuwaacha wale waliomwalika. Kwa hiyo siwaambii wazazi wafute majina. Nawapa viti. Kwa harusi ya watu 120, kila upande unapata viti 45 na wachumba wenyewe 30. Mama ndiye atakayeamua nani akalie viti vyake, na nimeona mara nyingi kwamba akishapewa uamuzi huo anachagua vizuri kuliko tungemchagulia sisi. Jirani aliyekuwa akimlisha bibi harusi wakati mamake yuko kazini anaingia. Binamu ambaye hajapiga simu tangu 2015 anasubiri.

Jambo la pili ninalowakumbusha: wengi wa hao 400 wameshakula chakula chenu. Walikuwepo kwenye sherehe ya kimila ya posa na mahari, iwe ruracio, au ntheo, au koito, au ayie, kutegemea mlikooa. Siku ile ukoo ulikutana, ukasalimiana, ukabariki. Hakuna haja ya kuulisha ukoo huohuo mara mbili ndani ya miezi sita. Waambieni wazee mapema, tena ana kwa ana, kwamba siku ya nyumbani ndiyo siku ya ukoo, na Jumamosi ya kanisani itakuwa ya watu wachache. Wakiambiwa kwa heshima, wanaelewa. Wakisikia kwa watu wengine, hapo ndipo ugomvi huanza.

Halafu kuna mchango. Hapa najua wengi hawatakubaliana nami, lakini nitasema nilichokiona. Siku hizi mtu akitangaza harusi, kesho yake kuna kundi la WhatsApp la watu 200, na namba ya M-Pesa imebandikwa juu. Kila anayetuma chochote ana haki ya kutarajia mwaliko, na ni haki kweli, maana ametoa. Sasa mtu ametuma 500, na sahani yake ni 800. Yeye amekusaidia kwa moyo mweupe, nawe umeongeza deni la 300, bado hujahesabu kiti. Makundi makubwa huongeza wageni haraka kuliko yanavyoongeza pesa. Ninachoshauri ni kamati ya watu 10 hadi 15, wale ambao mngewaalika hata kama hawana shilingi, kisha muwagawie vitu badala ya kuwaomba fedha. Mjomba abebe keki. Marafiki wa chuo wabebe mpiga picha. Chama cha mama kibebe mchele na mafuta. Mtu akibeba kitu kizima anakifuatilia mpaka mwisho, na siku hiyo anakitazama kwa fahari. Na msitumie ahadi. Mweka hazina alipe kwa pesa zilizofika tu. Ahadi iandikwe kwenye ukurasa wake na ibaki huko mpaka igeuke pesa.

Uwanja wa bure umewaponza wengi. Shamba la mjomba kule Ruai au Kitengela linaonekana zawadi kubwa, mpaka uanze kuhesabu: lori la maji, vyoo vya kukodi, jenereta, mtu wa kuelekeza magari, murram ya kumwaga njiani kama mvua imenyesha. Nimewahi kuhesabu na kukuta ukumbi wa kanisa, wenye viti, jiko na choo, ni nafuu kuliko shamba la bure. Ua wa shule wakati wa likizo nao ni mzuri, hasa ukiwa na miti. Ukikodi hema, omba jeupe. Hema la kijani au la buluu huangusha rangi yake kwenye nyuso za watu, na hakuna mpiga picha atakayeiondoa vizuri baadaye.

Tarehe nayo ina bei. Agosti na Desemba kila mwenye hema ana kazi, na hapunguzi. Machi hadi Mei ni masika. Mimi napenda Julai: kuna baridi, ndiyo, lakini mvua ni chache, mawingu yanalainisha mwanga, na watu wa hema na muziki wako tayari kujadiliana. Oktoba ina hatari ya vuli, lakini wakati huo mijakaranda ya Nairobi imechanua zambarau na barabara zimetandikwa maua ambayo hukuyalipia. Ijumaa, kwa harusi ya watu wachache, hupunguza gharama karibu kila upande. Kama mnafungia ndoa kwa Msajili wa Ndoa, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya siku zisizopungua 21, basi msikodi chochote kabla ya kulipanga hilo. Kanisani pia kuna Jumapili za kutangazwa.

Sasa mapambo, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mpambaji akikupa bei ya kupamba ukumbi mzima, anakuuzia maua mengi yatakayotawanyika mpaka yasionekane. Ukiwa na pesa kidogo, zikusanye mahali pamoja. Macho ya wageni na kamera vitakaa nyuma ya maharusi kwa saa nne. Weka maua yako yote pale: tao moja lililojaa, lenye majani mengi ya kijani na waridi zilizosongamana katikati. Kwingineko acha meza ziwe safi tu. Kanisani, uliza ofisini kama kuna harusi nyingine siku hiyo. Mara nyingi ipo. Mtafute bibi harusi mwenzako, mkubaliane rangi, mgawane gharama ya maua ya madhabahuni. Nimeunganisha mabibi harusi wa namna hiyo ambao leo ni marafiki.

Maua nanunua mwenyewe City Market, mtaa wa Muindi Mbingu, asubuhi. Waridi zetu nyingi hutoka mashamba ya Naivasha na kwenda Ulaya, na bei ya hapa mjini hupanda sana kuelekea tarehe 14 Februari, kwa hiyo wiki hiyo msifunge ndoa kama mnapenda maua. Kwa harusi ya Jumamosi nanunua Alhamisi, zikiwa bado zimefumba. Nazishika juu kidogo ya shingo, pale ua linapoanzia, na kubonyeza taratibu: ua zuri ni gumu kama kitunguu kibichi, ua lililokaa siku nyingi linabonyea. Nyumbani natoa majani yote ya chini, nakata kila kikonyo kwa mshazari, kisha naziacha ndani ya ndoo zenye maji mengi, chumba chenye baridi, mbali na ndizi na matunda mengine yanayoivisha. Jumamosi alfajiri zimefunguka nusu, na zikifika meza kuu saa nane zimekunjuka kabisa. Bogenvilia ya ukutani inavutia, lakini ukiikata inasinyaa haraka, usiitegemee.

Mezani natandika kanga. Nilianza hivyo baada ya kuchoka kulipia vitambaa vya kukodi vinavyorudishwa Jumatatu. Biashara Street unapata doti kwa bei nzuri ukinunua nyingi, na ukichagua rangi mbili tu, ukumbi mzima unashikamana. Kanga moja haifuniki meza kubwa ya duara, kwa hiyo natandika shuka nyeupe chini, kanga juu kwa mshazari, ile pindo yake ikining'inia mbele ya anayeketi, ili jina, yaani yale maandishi yake, lisomeke. Wageni husoma. Wanaanza kuulizana yako imeandikwa nini, na meza ya watu wasiojuana inachangamka kabla mshereheshaji hajasema neno. Jioni ikifika, kina mama waliopika na shangazi waliosafiri wanaondoka nazo begani.

Hao kina mama nimewataja makusudi. Chakula cha harusi ya watu 120 kinaweza kupikwa na watu wenu mkimwajiri mpishi mkuu mmoja anayejua moto, na mkikodi sufuria kubwa. Vipimo vyangu: kilo moja ya mchele kwa watu 8, kwa hiyo kilo 15; nyama yenye mifupa robo kilo kwa kila mtu, kilo 30; chapati mbili kila mmoja, yaani 240, ambazo zinataka pakiti 10 hadi 12 za unga za kilo mbili. Pilau, kuku au mbuzi, mboga, kachumbari, matunda. Hivyo vikiiva vizuri vinatosha. Sambusa na juisi za aina tatu ziacheni. Wapishi wenu walipwe nauli, wale kwanza, na wapewe viti mbele wakati wa kukata keki. Keki yenyewe iwe ndogo na nzuri ya kukatwa mbele ya watu. Nyingine za kawaida, bila mapambo, zikatwe jikoni.

Gauni nitalisema kwa kifupi: kodi. Pesa zinazobaki mpe fundi cherehani anayejua kazi yake. Gauni la kukodi lililobanwa kiunoni sawasawa na kufupishwa mpaka ncha ya kiatu linapendeza kuliko jipya linalomkanyagisha bibi harusi njia nzima.

Kuna kitu kimoja kisichogharimu hata shilingi ambacho nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilisimamia harusi upande wa Kiambu. Ibada iliisha saa saba. Maharusi wakaenda kupiga picha, nami nikawapa wapishi agizo kwamba chakula kisiguswe mpaka warudi. Walirudi saa kumi. Nyanya ya bibi harusi, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa amemeza dawa asubuhi akijua atakula mchana. Nilimkuta akitetemeka mikono, jasho limemtoka usoni, mjukuu mmoja amemshika. Tulimpa soda kwa vijiko, kisha nusu chapati kutoka jikoni, na alipopata nguvu akaniambia, "Mwanangu, hukukosa chakula, ulikosa saa." Niliomba msamaha kwa familia ile, na tangu siku hiyo ratiba yangu haijabadilika: wageni wakifika wanakula. Wazee wanapelekewa sahani walipoketi.

Picha zinasogezwa jioni. Hapa karibu na ikweta jua la saa saba liko utosini, linatia kivuli cheusi chini ya macho, na hata gauni la ghali halipendezi. Kuanzia saa kumi na moja mwanga unalala, unakuwa wa dhahabu, na mna zaidi ya saa nzima kabla giza halijaingia. Wageni wameshiba, wanacheza. Maharusi wanatoka dakika 40 pamoja na wasimamizi, kwenye bustani ya hapohapo au barabara yenye miti, na wanarudi kukata keki.

Wale wachumba wa madaftari mawili wamefika majina 131. Kumi na moja bado yanazungumzwa, mengi ya upande wa bwana harusi, na sitawasukuma. Alhamisi tunaenda Biashara Street kuchagua kanga. Mama wa bwana harusi amepiga simu jana usiku kusema naye atakuja, maana maandishi yatakayowekwa mbele ya mkwe wake anataka kuyasoma mwenyewe kwanza.