Habweki, Sawa. Nani Kakwambia Ananyamaza?

Hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze. Mpangaji wa ghorofa ya tatu huko Nyali kaniletea picha mbili za mbwa kwenye simu, Basenji na Azawakh. "Dokta, nimchukue yupi? Mimi naona Basenji, maana habweki. Majirani hata hawatajua yupo." Nikaweka kalamu chini.

Ni kweli, Basenji habweki ile ya kufululiza ya mbwa wa getini. Atatoa mlio mmoja mfupi, akaridhika. Lakini koo analo na analitumia. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, nusu kigelegele, nusu mtu anayepiga mwayo kwa makusudi. Akinuna huguna. Akifungiwa peke yake hupiga ukelele. Mteja wangu mmoja wa Tudor alinitumia sekunde 40 za ukelele huo, nami kwa ujinga wangu nikaufungua ndani ya feri ya Likoni, sauti iko juu. Mama aliyesimama mbele yangu akageuka: "Mtoto wa nani huyo, na wamfanyani?"

Sifa ya kimya ina asili yake. Huyu ni mbwa wa kuwindia katika misitu ya Kongo. Akiwa kazini, akisukuma windo kuelekea nyavuni, hapigi kelele, ndiyo maana wawindaji humfunga njuga ya mbao shingoni wajue yuko wapi. Mwaka 1937, walipoonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kule London, watu walimiminika kumtazama mbwa asiyebweka, na tangu hapo neno limekwama. Njuga ile ilikuwa ya msituni, jamani. Hakuna aliyewahi kuwaahidi kwamba sebuleni, saa nane mchana, nyote mkiwa kazini, atakaa kama mto wa kochi.

Tena kelele ndiyo shida ndogo. Mbwa aliyezoea kujiamulia mwenyewe porini hangoji ruhusa yako. Ana kilo 10 au 11 tu, kimo kama sentimita 40, watu wanaona udogo wake na kusahau akili. Nimemwona mmoja Bamburi akipanda ua wa waya: mguu wa mbele kwenye tundu, wa nyuma kwenye tundu la chini yake, polepole, kama fundi wa umeme kwenye nguzo. Alipofika juu akatugeukia, kisha akashuka upande wa jirani. Vitabu vinasema mafunzo ya mapema yatasaidia. Yanasaidia. Lakini mimi sijawahi kumwamini Basenji bila kamba karibu na barabara, hata aliyefundishwa na mtu ninayemheshimu.

(Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "washenzi". Mzee mmoja wa Mji wa Kale aliniuliza kwa nini mtu alipe nauli ya ndege kumleta mbwa mshenzi ilhali wamejaa mtaani. Sikuwa na jibu.)

Sasa huyu Azawakh. Mnamtaka kwa hoja moja: katoka Saheli, Mali na Niger na Burkina Faso, mbwa wa Watuaregi, kwa hiyo joto la Mombasa atalicheka. Mbwa hujipoza kwa kuhema. Maji hukauka ulimini na kwenye njia ya hewa, yakaondoka na joto. Kule kwao hewa ni kavu, maji yanakauka upesi. Hapa mwezi wa tatu, kaskazi ikishalegea, shati lako halikauki kambani, ulimi wake utakaukaje? Jua lake analijua. Jasho letu halijui. Mtembezeni alfajiri. Mvua za masika nazo hazipendi kabisa, atasimama mlangoni akutazame kana kwamba wewe ndiye uliyezileta.

Halafu wageni. Azawakh ni mlinzi wa kambi. Anawapenda wa kwao, wengine wote anawatilia shaka. Nyumba ya Mombasa inaishi kwa hodi: shangazi, muuza samaki, watoto wa jirani waliotumwa chumvi. Ukiwa na majirani wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa kwao ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Jitu la sentimita 70 kwenye ngazi mnayotumia pamoja ni kuwavunjia heshima, si suala la mbwa tena.

Pia mtaambiwa mnamnyima chakula. Mifupa ya nyonga na baadhi ya mbavu huonekana, ndivyo alivyoumbwa. Mimi hushika mapaja na misuli ya kando ya uti wa mgongo: ikiwa imejaa na migumu, mbwa hana njaa, hata jirani aseme nini. Siku ya upasuaji, mwambie daktari mapema ni mbwa wa aina ya greihaundi, wale wembamba wa mbio, asiguse thiopentoni, dawa ya usingizi. Tulifundishwa kwamba sababu ni kukosa mafuta mwilini. Baadaye ikaonekana kwa greihaundi kwamba ini nalo huivunja dawa hiyo polepole. Miaka mingi nilikuwa nafanya jambo sahihi kwa maelezo yenye upungufu.

Mwenye kiwanja chenye ukuta mrefu na wageni wachache, achukue Azawakh. Nyumba yenye mtu mchana kutwa na uvumilivu wa kulea mtundu, Basenji. Kupe wetu hawabagui, kwa hiyo dawa ya kupe ni ya wote wawili, mwaka mzima.

Yule wa Nyali nilimwambia hapana, wote wawili. Akakaa kimya, kisha akasema ameshatuma malipo ya awali ya Basenji.

Nikamwomba namba ya muuzaji, nimuulize kama wazazi wamepimwa vinasaba vya ugonjwa wa Fankoni. Ni figo zinazovujisha sukari kwenye mkojo wakati ya damu iko sawa. Kijikaratasi cha mkojo hubadilika rangi, daktari mwenye haraka akasema kisukari, akaanza insulini. Muuzaji akajibu kwa ujumbe: "Huyu ni mzima kabisa, tena habweki."