Rebecca West akiwa na miaka ishirini: safu zake za siasa

Wengi wanaomjua Rebecca West, mwandishi wa Uingereza, wanamjua kwa mambo mawili, riwaya zake na mapenzi yake na mwandishi mwenzake H.G. Wells. Mimi nafundisha uandishi wa makala za maoni, na huyo siye Rebecca West ninayemtanguliza darasani. Ninayemtanguliza ni msichana aliyeandika karibu kila wiki katika magazeti madogo ya Uingereza tangu mwishoni mwa 1911 hadi mwishoni mwa 1913. Alianza hajatimiza miaka 19, na alipoacha alikuwa anaingia 21. Katika kipindi hicho kifupi alifanya jambo ambalo waandishi wengi wa safu za siasa wanastaafu bila kulifikia: alichagua upande waziwazi, halafu akaukosoa upande huohuo kwa ukali uleule aliowapa wapinzani.

Jina lake la kuzaliwa ni Cicily Isabel Fairfield. Alizaliwa London Desemba 1892, kitinda mimba kati ya mabinti watatu. Baba yake, Charles Fairfield, alikuwa mwandishi wa habari mwenye siasa za kihafidhina, mahiri wa maneno na mbovu wa fedha. Aliondoka nyumbani mwaka 1901 na hakurudi kuishi na familia. Alifia Liverpool mwaka 1906, akiwa hana kitu. Mama, Isabella, alikuwa Mskoti na mpiga piano hodari. Aliwachukua wanawe akahamia Edinburgh, wakaishi kwa kujibana. Nayataja haya kwa sababu ukizisoma makala za binti huyu utaona kwamba kila hoja ya wanawake, hata ile inayoanzia kwenye ndoa au dini, mwishowe anaifikisha kwenye pesa: nani anailipa kodi ya nyumba, nani ana mshahara wake mwenyewe, na nini kinampata mwanamke ambaye riziki yake inategemea mwanamume anayeweza kuamka siku moja akaenda zake. Hakuyapata hayo vitabuni tu.

Mwaka 1907, akiwa na miaka 14, gazeti la The Scotsman lilichapisha barua yake kuhusu madai ya wanawake ya kupiga kura. Muda si mrefu akaugua kifua kikuu na masomo yakakatika. Alipopona alikwenda London kusomea uigizaji, lakini hakumaliza. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Dada yake mkubwa, Letitia, akawa daktari. Yeye alibaki na usomaji wake, mdomo wake na hasira nyingi.

Mlango aliopitia ulikuwa mdogo mno. Novemba 1911 wanawake wawili waliokuwa wamekihama chama cha akina Pankhurst kilichopigania kura ya wanawake, Dora Marsden na Mary Gawthorpe, walianzisha gazeti la wiki lililoitwa The Freewoman. Lilijitangaza wazi kuwa la kifeministi, lakini halikuwa tarumbeta ya kampeni ya kura. Lilijadili talaka, kuzuia mimba, kazi za nyumbani na mapenzi nje ya ndoa, mambo ambayo hata wapigania kura wengi hawakutaka yatajwe hadharani. Wasomaji wake walikuwa wachache. Uhuru wa mwandishi ulikuwa mkubwa.

Cicily aliingia humo kama mhakiki wa vitabu. Tahakiki yake ya kwanza ilihusu kitabu juu ya hali ya wanawake nchini India, na katika sentensi ya kwanza kabisa akawagawa mabeberu makundi mawili: mabeberu, na mabeberu wa laana. Hapo hajafikisha miaka 19. Mama yake hakutaka gazeti hilo lionekane nyumbani, kwa hiyo mapema 1912 binti akatafuta jina la kujifichia. Alichukua la mhusika katika tamthilia ya Rosmersholm ya Henrik Ibsen, mwanamke mwenye fikra huru na dhamira nzito. Akawa Rebecca West, akabaki Rebecca West hadi kifo.

Wahariri hunisikia nikisema kwamba tahakiki ndiyo shule bora ya mwandishi wa safu, na ushahidi wangu ni yeye. Anayehakiki kitabu analazimika kumsoma mtu mwingine hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kufungua mdomo. West aliihamisha tabia hiyo kwenye siasa. Alipomshambulia Mrs Humphry Ward, mwandishi wa riwaya aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa wanawake waliopinga wanawake kupewa kura, hakuanza na matamko yake ya kisiasa. Alianza na riwaya zake. Aliwachunguza wanawake aliowaumba Ward, jinsi anavyowapenda wakiwa watiifu na anavyowaadhibu wakiwa na akili, kisha akauliza mtu anayeiona dunia hivyo angewezaje kuwaamini wanawake na karatasi ya kura. Mpinzani akianguka hivyo, anaangushwa na maneno yake mwenyewe.

Ni tahakiki pia iliyomkutanisha na Wells. Septemba 1912 alikihakiki kitabu chake na kumwita mwanamke mzee asiyeolewa kati ya waandishi wa riwaya. Wells, aliyekuwa na umri mara mbili ya wake na zaidi, alimwalika nyumbani kwake. Nitayarudia hayo, lakini kwa ufupi, kwa maana yameshaandikwa kupita kiasi.

Mwezi huohuo kampuni ya W.H. Smith, iliyokuwa na vibanda vya magazeti katika vituo vya reli, iligoma kuiuza The Freewoman. Oktoba gazeti likafa. West wakati huo alikuwa ameshapata nafasi ya kuandikia The Clarion, gazeti la wajamaa la Robert Blatchford, na hapo ndipo alipogeuka mwandishi wa safu ya siasa kwa maana kamili.

Wasomaji wa The Clarion walikuwa wajamaa, wengi wao wanaume, na wengi kati ya hao waliiona kura ya wanawake kuwa shughuli ya mabibi wa tabaka la kati. Kuna njia mbili rahisi za kuandikia hadhira kama hiyo. Mojawapo ni kuibembeleza, nyingine ni kuitukana. West alichagua ya tatu, iliyo ngumu zaidi: alichukua imani yao wenyewe akawadai waitimize. Mnasema mfanyakazi asinyonywe. Haya, mwanamke anayefanya kazi kwa ujira wa nusu ni mfanyakazi au si mfanyakazi? Mnasema tajiri anawagombanisha maskini ili mishahara ishuke. Basi mshahara duni wa mwanamke ni nini kama si chombo hichohicho? Katika makala ya Desemba 1913 alishambulia hata fadhila ambayo kila mtu aliisifu, ile ya mwanamke kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine. Aliiita dhambi. Aliona kwamba mtu aliyefunzwa kujinyima ndiye rahisi kuliko wote kulipwa kidogo, na kwamba sifa anazomwagiwa zinawafaa zaidi wanaomtumia.

Sentensi yake inayonukuliwa zaidi duniani imetoka kwenye safu hiyo, Novemba 1913, akimjibu mwandishi G.K. Chesterton. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kuelewa barabara ufeministi ni kitu gani. Anachojua ni kwamba watu humwita mfeministi kila anapotoa maoni yanayomtofautisha na zulia la kufutia miguu au kahaba. Wanaoinukuu huipenda kwa ucheshi wake. Mimi napenda mahali ilipowekwa. Imo ndani ya makala inayopambana na hoja za mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, wiki hiyohiyo, na inawatwisha wapinzani mzigo wa kueleza ni nini hasa kinachowakera. Ukiikata ukaibandika peke yake inakuwa pambo.

Kati ya makala zote za kipindi hicho, ninayoirudia zaidi ni ya Juni 1913 kuhusu Emily Davison, mpigania kura ya wanawake. Davison aliingia uwanjani wakati wa mbio za farasi za Derby huko Epsom tarehe 4 Juni, akagongwa na farasi wa mfalme, akafariki siku nne baadaye. Magazeti makubwa yalibishana kama ni kichaa, au kama alikusudia kufa. West aliikataa mada hiyo. Alirudi nyuma kwenye maisha ya Davison: vifungo, migomo ya kula, kulishwa kwa nguvu kwa mrija, na mwaka 1909 katika gereza la Strangeways, maji ya bomba yaliyoelekezwa ndani ya seli yake. Kisha akaigeukia serikali. Aprili mwaka huohuo bunge lilikuwa limepitisha sheria ambayo watu waliibatiza ya Paka na Panya, iliyoruhusu mfungwa aliyedhoofu kwa kugoma kula aachiwe apate nafuu, halafu akamatwe tena. Msomaji akifika mwisho wa makala hana tena hamu ya kujua Davison alikuwa na nini akilini pale uwanjani. Anataka kujua waziri alikuwa na nini.

Wakati nchi nzima inauliza swali moja, mwandishi wa safu anayelifuata anakuwa mtu wa elfu moja kulijibu. Inahitaji ujasiri kulihamisha swali, na ujuzi wa kulihamisha pasipo msomaji kuhisi amekwepwa.

Miezi mitatu tu baadaye akawageukia wa kwake. Christabel Pankhurst, mmoja wa viongozi wa chama kile cha akina Pankhurst, akiwa uhamishoni Paris, alikuwa akichapisha mfululizo wa makala kuhusu magonjwa ya zinaa, akidai kwamba wanaume wengi mno, kama robo tatu au zaidi, wameambukizwa kisonono, na kwamba dawa ni kura kwa wanawake na kujizuia na zinaa kwa wanaume. Septemba 1913 West alimjibu kwenye The Clarion. Hakupinga kwamba mambo hayo yazungumzwe, aliunga mkono. Alichopinga ni takwimu zisizoaminika, chuki ya jumla dhidi ya wanaume, na mahubiri yaliyochukua nafasi ya siasa. Kumbuka Christabel alikuwa nani wakati huo: wafuasi wake walikuwa gerezani, na kumkosoa kulionekana na wengi kuwa usaliti. Hata hivyo West hakuacha kuwatetea wafungwa. Alifanya yote mawili, na sijaona mahali ambapo moja lilipunguza nguvu ya jingine.

Halafu ukimya. Mwishoni mwa 1913 alianza mapenzi na Wells, aliyekuwa na mke, na akapata mimba. Alihamishiwa Hunstanton, mji wa pwani huko Norfolk, mbali na macho ya watu, na mtoto wao Anthony alizaliwa tarehe 4 Agosti 1914, siku ambayo Uingereza iliingia vitani. Wells aliendelea na nyumba yake, vitabu vyake na jina lake. Aliyefichwa ni West. Nina uchungu na sehemu hii, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe alilokuwa akiliandika kila wiki: gharama ya kitendo cha watu wawili ikimwangukia mmoja, kwa sababu ya jinsia yake.

Aliirudia kalamu mapema kuliko wengi walivyotegemea. Novemba 1914 alikuwemo katika toleo la kwanza la The New Republic la Marekani, na mwaka 1916 Daily Chronicle ilichapisha taarifa yake kuhusu wasichana wa kiwanda cha baruti, ambamo alisema wanakabili hatari kubwa kuliko askari yeyote aliyebaki nyumbani kulinda nchi. Mwaka huohuo mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw alikiri kwamba msichana huyu anaimudu kalamu kwa ustadi kama wake, na kwa ukali zaidi. Yaliyofuata ni marefu: riwaya, ripoti za kesi za viongozi wa Wanazi huko Nuremberg, jalada la jarida la Time mwaka 1947, cheo cha heshima cha Dame mwaka 1959.

Safu zake za ujana zilibaki kwenye mafungu ya magazeti ya zamani kwa karibu miaka sabini, mpaka mtafiti Jane Marcus alipozikusanya na kuzitoa kama kitabu mwaka 1982. West alikuwa bado hai, akafariki Machi 1983 akiwa na miaka 90. Kwa anayetaka kuanza, nashauri asianze na ile ya Chesterton, ingawa ndiyo maarufu. Asome ya Davison, kisha papo hapo ile ya kumjibu Christabel, halafu ajiulize kama anaweza kuandika zote mbili msimu mmoja.