Stadi ya ekzosi ikikatikia ndani ya hedi

Corolla 110 iliingia gereji asubuhi, injini bado ya baridi. Kabla dereva hajazima nikawa nimeshajua. Tik-tik-tik, kama cherehani ya mguu, halafu joto likipanda inanyamaza. Wengi wakiusikia mlio huo hudhani ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu. Kumbe ni moshi unaovuja kwenye manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda; ikipata moto hutanuka na kuliziba pengo lenyewe. Nilipotoa ngao ya joto pale mbele nikakuta masizi kwenye silinda namba nne: nati haipo, stadi, ile skrubu isiyo na kichwa inayoshikilia manifoldi, imekatika sawa na uso wa hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda.

Karibu kila mara hukatika za pembeni. Manifoldi ya chuma cha kalibu hutanuka ikipata moto na kunywea ikipoa, na panaposogea zaidi ni miishoni. Stadi ya pembeni inakunjwa kila siku mpaka inachoka.

Kabla ya kuigusa iliyokatika, zilinde nzima. Zipulizie mafuta ya kupenya kutu tangu jana yake. Nati ikigoma, ikaze kidogo, ilegeze kidogo, uende hivyohivyo kama unayembembeleza mtoto. Ukitumia ubabe utakuwa na stadi mbili za kutoa.

Sasa izi auti, kile kipini cha kung'olea stadi iliyokatika. Hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu, maana ndiyo wanayoikimbilia kwanza. Stadi iliyokuwa nene haikutoka, wewe unaitoboa katikati na kuingiza kipini chembamba kuliko yenyewe! Izi auti ni chuma kigumu lakini kinavunjika kama kioo, na ikikatikia mle, biti ya kawaida haiingii kitu. Halafu ile inayonenepa kuelekea juu hutanua kipande kikazidi kubana.

Mimi nachomelea nati. Kwanza chomoa betri na plagi ya alteneta, bana waya wa ethi kwenye injini jirani na kazi, hakikisha hakuna petroli inayovuja. Weka washa, ile pete bapa ya chuma, juu ya kipande, ujaze tundu lake kwa chuma cha kuchomelea, kisha weka nati juu ya washa ujaze tena. Hedi ni alumini, na chuma hicho hakishikamani nayo. Faida kubwa ni moto wenyewe: stadi inataka kutanuka, tundu linaibana, na ikipoa inanywea na kuachana na kutu. Kwa hiyo subiri. Mpaka uweze kuigusa kwa kidole, ndipo uweke spana na kwenda mbele na nyuma polepole. Nati iking'oka, chomelea nyingine. Ile Corolla ilinikatalia mara tatu. Ya nne ikatoka ikilia kama bawaba kuukuu.

Ikishindikana kabisa ndipo unatoboa. Kazi yote iko kwenye kupata katikati, kwa sababu chuma ni kigumu kuliko alumini na biti hukimbilia kwenye ulaini. Nilichongesha bushi, kipande cha chuma kama kibomba kifupi, inayoingia kwenye tundu la manifoldi, yenye tundu jembamba katikati. Nafunga manifoldi mahali pake na bushi inaniongozea biti. Pima kina kwenye tundu la jirani, funga utepe kwenye biti usije ukapitiliza. Anza na milimita 3. Kama stadi ni M8, yaani unene wa milimita 8, yenye hatua ya 1.25 kutoka thredi moja hadi nyingine, usizidi 6.8, kisha safisha thredi kwa tapu, kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu. Ukiliharibu tundu, weka thredi ya springi, koili ya waya inayokuwa thredi mpya. Si aibu, na hushika vizuri.

Stadi mpya ziwe zote, si moja. Kaza kuanzia katikati kwenda nje. Lakini kwanza laza rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi, maana ikiwa imepinda utaikata stadi mpya pia. Ile ilikuwa imepinda upande huohuo wa namba nne, ikabidi ilale kwa fundi wa lathi siku mbili huku mwenye gari akinipigia simu kila saa.