Gloria ya Vivaldi: kwaya isiyo na wanaume iliimbaje besi?

Walimu wa kwaya huniuliza swali hili mara kwa mara: "Besi wangu ni wawili tu, na mmoja huja akipenda. Tutaiweza kweli Gloria ya Vivaldi?" Huwa nawajibu kwamba aliyeutunga wimbo huo wa kanisa wa kumsifu Mungu hakuwa na besi hata mmoja wa kiume.

Antonio Vivaldi, padri mwenye nywele nyekundu, alianza kufundisha fidla mwaka 1703 katika Ospedale della Pietà, nyumba ya Venice iliyolea watoto waliotupwa. Wavulana walipokua walipelekwa kujifunza ufundi. Wasichana wenye kipaji walibaki, wakafundishwa muziki, wakaimba na kupiga ala kwenye roshani ya kanisa, nyuma ya nondo zilizowaficha ili waumini wasiwaone. Ndio waliotungiwa Gloria hii ya D meja, RV 589 katika orodha ya kazi zake, mnamo 1715.

Sasa fungua nota zake: soprano, alto, tena, besi. Zote nne zipo! Kumbukumbu za nyumba ile zinawataja wanawake kwa kazi zao, akiwemo Paulina dal Tenor na Anneta dal Basso. Sauti ya tena hainishangazi, kwaya nyingi zina mama mmoja anayeketi na akina baba na kuwazidi. Kitendawili ni besi. Wapo wataalamu wanaoamini wachache walishuka hadi nota zile za chini kabisa, na wapo wanaosema besi ilipandishwa oktavu nzima, yaani nota zilezile zikaimbwa ngazi moja ya sauti juu zaidi.

Mimi niko na hawa wa oktavu. Chelo na kinanda hupiga mstari wa besi chini ya waimbaji, kwa hiyo hata sauti zikipanda, msingi wa akodi, yaani nota zinazosikika kwa pamoja, unabaki palepale. Sikiliza "Et in terra pax", amani duniani. Iko katika B maina, ala za nyuzi zikitembea taratibu, sauti zikiingia moja baada ya nyingine na kukwaruzana kabla ya kupatana. Ni amani yenye maumivu. Wanawake peke yao wakiiimba, sauti hubanana mahali pamoja na ule mkwaruzo huuma zaidi.

Tazama pia solo. Katika sehemu zote 12, wanaoimba peke yao ni soprano na alto tu. Waimbaji wa tena na besi hawasikiki nje ya kwaya hata mara moja.

Kwa hiyo imbeni. Ila kama mna kinanda tu, mpigaji asiuache mkono wa kushoto uvivu: besi ikipanda bila kushikiliwa chini, akodi zinapinduka na wimbo unayumba.

Fuga ya mwisho, yaani sehemu ambayo sauti hufuatana zikiimba wazo moja, ni "Cum Sancto Spiritu"; Vivaldi aliichukua kwa mtunzi Giovanni Maria Ruggieri akaifanyia marekebisho. Ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi huanza mazoezi na hiyo, kabla watu hawajachoka na kuanza kutazama saa.