Wiki mbili na kamera ya midiamu fomati hapa Moshi

Tangu nionekane na Fujifilm GFX100S II, kamera ya midiamu fomati (sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kubwa kuliko ya fulu fremu), pale Mbuyuni, kila mpiga picha ninayekutana naye ananiuliza jambo lilelile: "Hiyo ina megapikseli ngapi?" Zipo 102. Yeye anaridhika na jibu, mimi siridhiki, kwa sababu namba hiyo haikunisaidia sana kuamua kama kamera hii inafaa kazi yangu. Kilichonisaidia ni asubuhi moja juu ya paa na jikoni kwa bibi mmoja Kibosho.

Nianze na paa. Saa 12 asubuhi, mawingu hayajaufunika mlima, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, huwa imeshapata jua wakati mji bado uko gizani. Hicho ndicho kipimo chetu, na hatulipi kiingilio. Nilipima mwanga kwa theluji isiungue, yaani isigeuke nyeupe tupu, nikaacha migomba na mabati ya majirani yazame kabisa kwenye weusi. Kisha kwenye kompyuta nikavuta vivuli stopu nne (kila stopu ni mwanga mara mbili). Fulu fremu yangu ya zamani (kamera yenye sensa ya kawaida ya kitaalamu) nikiifanyia hivyo, migomba inajaa chengachenga za zambarau na kijani. Safari hii niliona majani yaliyochanwa na upepo, jani kwa jani, na kutu ya bati ikihama kutoka kahawia kwenda chungwa polepole bila kukatika mistari.

Hapa watu wengi wanasema siri ni "pikseli kubwa". Si kweli. Pikseli za sensa hii zina upana wa maikroni 3.76, sawasawa na za fulu fremu zenye megapikseli 61. Tofauti iko kwenye eneo. Sensa hii ni milimita 43.8 kwa 32.9, fulu fremu ni 36 kwa 24, yaani hii inaizidi kwa karibu mara 1.7. Picha nzima imekusanya mwanga mwingi zaidi, na ukiichapa kwa ukubwa uleule unakuwa umeikuza kidogo kuliko ile nyingine. Ukilielewa hilo, hutadanganyika na tangazo lolote.

Kibosho nilikwenda kwa ajili ya ngozi. Hili naliwekea uzito kuliko yote, maana kamera nyingi zinasifiwa kwa nyuso ambazo si zetu. Bibi alikuwa anatengeneza mbege, pombe ya ndizi na ulezi, amekaa kizani karibu na mlango, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa na jua. "Shikamoo bibi, naomba nikupige ukiendelea na kazi." "Marahaba mwanangu, piga tu, ila usinisimamishe." Kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe, inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, kitambaa kinaungua. Nikapunguza stopu moja na nusu nikaendelea.

Nilipoifungua ile picha nikakaa nayo muda mrefu. Punje za ulezi zilikuwa zimeganda kwenye vifundo vya vidole vyake. Shavu lake lilikuwa na weusi wa aina nyingi: wa samawati upande wa mlango, wa shaba upande wa moto, na hakuna mahali rangi iliporuka. Kitambaa bado kilikuwa na nyuzi zake.

Ila lenzi ya milimita 110 kwa f/2, tundu lake likiwa wazi kabisa, haina huruma. Kope ikikaa kwenye fokasi, sikio limeshapotea. Bibi akiinama kidogo tu, picha imekwenda. Nikafunga tundu hadi f/4, kazi ikatulia.

Tatizo kubwa nililolikuta ni flashi. Shata ya kamera hii, kile kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, inaendana na flashi mwisho 1/125 ya sekunde. Jua la saa 7 mchana, ukiwa ISO 80 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga), kwa kasi hiyo unalazimika kufunga lenzi hadi karibu f/13, na ile nyuma laini uliyolipia haipo tena. Dawa ni kichujio cheusi cha stopu nne mbele ya lenzi. Anayeishi kwa picha za flashi nje mchana aiangalie Hasselblad X2D 100C: shata yake imo ndani ya lenzi, na baadhi ya lenzi zinafika 1/2000 kwa flashi.

Uzito si hoja, gramu 883 na betri ndani. Shata ya kielektroniki usiitumie kwa kitu kinachotembea, bodaboda itatoka imepinda.

Mafaili ndiyo yatakayokugharimu. Picha moja ghafi ya biti 16 isiyobanwa ni zaidi ya MB 200. Harusi ya picha 1,500 ni GB 300, na hapo hujaweka nakala ya pili. Mimi nilitumia mbano usiopoteza kitu, ukubwa ukashuka sana, na bado kompyuta yangu ilikuwa inahema.

Kwa hiyo harusi na send-off nitabaki na fulu fremu. Mashamba ya kahawa, hoteli na picha za wazee wa ukoo, hizo nazihamishia kwenye kamera hii. Pikseli 11,648 kwa 8,736 zinachapika karibu sentimita 99 kwa 74 kwa nukta 300 kila inchi, bila kuongeza chochote. Picha ya bibi nimeichapa kwa kipimo hicho. Jumamosi naipandisha Kibosho kwa bajaji, nimeifunga kwenye blanketi.