Sogea, Kisha Ukae Kidogo

Mtu akifika mbele ya mchoro wangu, swali la kwanza huwa lile lile: hiki ni nini? Silichukii swali hilo, ila nikilijibu mara moja mazungumzo yamekwisha. Nikisema ni bahari, atatafuta mawimbi, na asipoyaona ataondoka akidhani hajui kutazama.

Sanaa dhahania haimwombi mtazamaji atambue kitu. Inamwomba akae, na kukaa huko hutengenezwa kwa mikono. Chukua mpaka wa rangi mbili. Nikipaka nyekundu juu ya buluu iliyokauka, mpaka unakuwa mkali na jicho linagota hapo. Buluu ikiwa bado mbichi, nami nikaupitishia ukingo kitambaa, unazuka ukanda mwembamba wa zambarau. Jicho linasita, halijui hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Ninakitafuta kisito hicho kwa bidii kuliko kitu kingine chochote turubaini, maana anayesita ameanza kutazama kweli.

Wengi hudhani ubunifu ni kungoja msukumo. Kwangu ni kuamua, hasa kuamua nini kiondoke. Rangi ya mafuta hukulazimisha kutulia: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ndizo zibebe mengi, ukigeuza, ya juu hukauka mapema na baadaye hupasuka. Katika kungoja huko ndipo hugundua kwamba kona niliyoipenda sana ndiyo inayoudhoofisha mchoro mzima. Naifunika.

Hilma af Klint wa Sweden, aliyeanza michoro yake dhahania mwaka 1906, alitaka kazi hizo zisioneshwe hadi miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Namheshimu mno, lakini mimi namhitaji mtazamaji sasa hivi. Niko karibu zaidi na Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1951 kwamba alichora picha kubwa ili awe karibu na watu, si ili awatishe. Ni kweli: mbele ya turubai kubwa huwezi kusimama kando kama hakimu, rangi inakuzunguka.

Kwenye maonyesho huandika vipimo, mwaka na aina ya rangi tu. Anayetaka maelezo namuuliza kwanza jicho lake liliingilia wapi na likakwama wapi. Wakati mwingine hunionesha sehemu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipita tu.