Je, wajua kwa nini kazi ya kufungua PNG haijaisha tangu 1995?

Ukienda kwa mchapaji wa fulana Kariakoo na logo ya kikundi chenu kwenye simu, kabla hujakaa atakuuliza: "Bosi, una PNG yake?" Ukimwonyesha JPG atakunja uso. Logo ya JPG huja na kisanduku cheupe nyuma, na kisanduku cheupe kwenye fulana nyekundu ni aibu yenu wote wawili. Ukimrushia PNG kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, bado atalalamika: "Tuma kama dokumenti, kaka." Anajua kuwa picha ikipita njia ya kawaida hubanwa na kugeuzwa JPG, na kile kisanduku kinarudi. Na usimpelekee ile ya kuokota Google yenye viboksi vya kijivu na vyeupe nyuma. Hiyo mara nyingi ni picha ya viboksi, uwazi hamna.

Basi kazi ya PNG mchapaji anaijua vizuri. Asichowahi kujiuliza, na wengi wetu pia, ni nani anayeifungua. Faili la PNG ni mlolongo wa namba, na simu haizaliwi ikijua kuusoma. Lazima kuwe na programu ndani yake inayochukua namba hizo na kuzirudisha kuwa rangi. Kwa miaka mingi, kwenye Android, Linux na vivinjari vikubwa, kazi hiyo imefanywa na libpng, ambayo ni maktaba huria ya picha. Maktaba hapa ni msimbo ulioandikwa tayari, ambao programu nyingine huuita ukafanye kazi fulani badala ya kila mtu kuanza upya. Huria, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Swali langu ni hili: kama kazi yake ni kufungua picha tu, kwa nini watu bado wanaishughulikia miaka 30 baadaye?

Chanzo chake kilikuwa ugomvi wa pesa. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ya Marekani ilitoa muundo wa picha wa GIF, ambao ndani yake ulitumia mbinu ya kubana data iitwayo LZW. Mbinu hiyo ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, na mwenye hataza alikuwa kampuni nyingine, Unisys. Watu walitengeneza programu za GIF kwa miaka bila kuliwaza hilo. Siku chache kabla ya mwaka 1994 kwisha, likatoka tangazo kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia GIF watatakiwa kulipia leseni. Mtandaoni pakachafuka. Tarehe 4 Januari 1995, Thomas Boutell aliweka hadharani rasimu ya muundo mbadala, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso wakaanza kuichambua kifungu kwa kifungu. Kufikia Machi muundo wa msingi ulikuwa umekamilika. Oktoba 1996 W3C, shirika la viwango vya wavuti, likaupitisha. Waliouandika walisisitiza kwamba jina litamkwe "ping". Huku kwetu ni pii-en-jii, na sioni atakayebadilika sasa.

Lakini maelezo kwenye karatasi hayafungui picha. Mwaka huohuo wa 1995 Guy Eric Schalnat alianza kuandika libpng. Kwa upande wa kubana, Jean-loup Gailly na Mark Adler wakaandika maktaba nyingine, zlib, kwa mbinu isiyogusa hataza ya mtu. Leseni ya libpng ilikuwa ya ukarimu: itumie bure, hata ndani ya bidhaa unayouza, na kuwataja waandishi si lazima ingawa watashukuru. Ukarimu huo ndio ulioipeleka kila mahali, na ndio pia unaofanya usijue kuwa unayo.

Tuangalie kidogo inachofanya. Chukua picha ya anga ya kijivu, na mstari mmoja wa pikseli zake, yaani nukta zinazoiunda, uwe 100, 102, 104, 106, 108. Mbinu ya kubana hutafuta marudio, na hapo hakuna namba iliyojirudia, kwa hiyo haina pa kushika. PNG hufanya ujanja mdogo kwanza: badala ya kuandika kila namba, inaandika tofauti yake na jirani wa kushoto. Mstari unakuwa 100, 2, 2, 2, 2. Hapo marudio yamejaa, na zlib inayabana kirahisi. Njia za kuandaa mstari ziko 5, moja ikiwa kuuacha kama ulivyo. Nyingine hutazama pikseli ya juu, au wastani wa juu na kushoto, na ile iliyobuniwa na Alan Paeth huchagua kati ya majirani watatu yule anayekaribiana zaidi na ubashiri wake. Kila mstari wa picha unaweza kutumia njia yake. Wakati wa kufungua hesabu inarudishwa kinyumenyume, na kila namba inatoka ileile iliyoingia. Kwa hiyo PNG hata uihifadhi mara 50 haichakai, wakati JPG kila ikihifadhiwa upya inazidi kuchoka.

Uwazi nao ni namba tu. Mbali na nyekundu, kijani na bluu, pikseli inaweza kubeba namba ya nne: 0 maana yake haionekani kabisa, 255 inaonekana yote, na katikati ndipo kinapopatikana kivuli laini. GIF ilijua ndiyo na hapana peke yake, na kingo za logo zilitoka kama meno ya msumeno.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni baiti 8 za mwanzo. Kila faili la PNG duniani linaanza na 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Namba 80, 78 na 71 ni herufi P, N na G. Zilizobaki ni mitego. 137 imezidi 127 kwa makusudi, yaani inahitaji biti ya nane, ili faili likipita kwenye njia ya kizamani inayokata biti hiyo, ijulikane papo hapo. 13 na 10 ni alama ya kumaliza mstari kwenye Windows. Kompyuta ikidhani faili ni maandishi na "kusahihisha" alama hizo, saini hiyo ya baiti 8 inaharibika na picha inakataliwa mapema. 26 iliwekwa kwa ajili ya DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, ili mtu akijaribu kulisoma faili kama maandishi, kompyuta iishie hapo isimwage takataka kwenye skrini. 10 ya mwisho inanasa usahihishaji wa kwenda upande wa pili. Waliotunga saini hii walikuwa wameumwa na nyoka, wanashtuka hadi unyasi.

Sasa turudi kwenye kazi isiyoisha. Mtu akisikia "kutunza maktaba" anadhani ni kuongeza mambo mapya. Kwenye libpng sehemu kubwa ya kazi ni kuhakikisha kilichokuwa kinafanya kazi jana hakivunjiki leo, kwa watu ambao mtunzaji hawajui na hatawajua.

Mfano mmoja. Zamani, programu iliyotaka kujua upana wa picha ilikuwa inaingia yenyewe ndani ya kumbukumbu ya libpng na kuusoma pale ulipokaa. Ni kama mgeni aliyezoea kuingia jikoni kwako na kujipakulia. Mwanzoni hamna shida. Siku unayotaka kuhamisha sufuria ndipo unagundua kuwa wageni elfu kadhaa wameshakariri mahali pa sufuria, na wengine wanaingia wamefumba macho. Watunzaji wakaweka mhudumu mlangoni, yaani vitendakazi maalum vya kuomba upana, urefu na kadhalika, wakawasihi watu wavitumie. Wakasihi kwa miaka. Mwishowe, toleo la 1.5.0 la Januari 2011 lilifunga mlango wa jikoni kabisa. Programu nyingi ziligoma kujengeka siku hiyo, na waliolaumiwa, kama unavyoweza kukisia, hawakuwa wale waliopuuza maonyo.

Ndiyo maana pia matoleo ya zamani hayakuzikwa haraka. Programu iliyojengwa kwa ajili ya 1.2 haikuweza kuamka asubuhi na kutumia 1.6, hivyo matoleo hayo yaliishi pamoja kama wake wenza. Mwishoni mwa Desemba 2016 ilipatikana hitilafu kwenye sehemu inayoshughulikia maandishi yanayoambatana na picha. Ilikuwa humo tangu Juni 1995, miaka 21. Ili ijitokeze, ilibidi programu ya kuhariri iongeze maandishi, iyafute, kisha iyaongeze tena. Kuangalia picha tu hakukuwa na hatari. Hata hivyo ilirekebishwa, na dawa ikatolewa kwa koo tano kwa mpigo: 1.0.67, 1.2.57, 1.4.20, 1.5.28 na 1.6.27. Hitilafu moja, matoleo matano, kwa jambo ambalo huenda halikumpata mtumiaji hata mmoja.

Tahadhari hiyo ina sababu. Agosti 2004 Chris Evans alionyesha mapengo ndani ya libpng, mojawapo likiwezesha picha iliyotengenezwa kwa hila kuendesha msimbo wa mshambuliaji kwenye kompyuta ya aliyeifungua. Hebu fikiria: hujabonyeza kitu, hujasakinisha kitu, umeangalia picha tu. Tangu hapo maktaba za picha hazichukuliwi tena kama vijakazi wa mapambo. Faili la kilobaiti chache linaweza kudai kuwa picha yake ina upana wa pikseli zaidi ya bilioni 2, na programu ikiamini na kutenga kumbukumbu, simu inakufa. Kwa kawaida libpng inakataa upana au urefu unaozidi pikseli 1,000,000 mpaka uiruhusu. Kuna pia PngSuite ya Willem van Schaik, mkusanyo wa vipicha vingi vya pikseli 32 kwa 32, vingine vimeharibiwa makusudi, ili mwandishi wa programu apime kama yake inakataa panapostahili. Na mradi wa OSS-Fuzz wa Google, ulioanza 2016, huirushia maktaba hii mafaili yaliyovurugwa, usiku na mchana, ukisubiri ianguke.

Aliyejifunza kutengeneza magemu kwa Python anaifahamu libpng kwa njia nyingine: lile onyo linalosema kuna wasifu wa rangi usio sahihi kwenye iCCP, kipande cha faili kinachobeba maelezo ya rangi. Nilipoliona mara ya kwanza nilipoteza jioni nzima nikipekua msimbo wangu, nikafuta na kuandika upya, onyo liko palepale. Kumbe kosa lilikuwa kwenye picha. Programu fulani za kuhariri zilikuwa zikipachika ndani ya mafaili wasifu wa rangi wenye kasoro, na kwa miaka hakuna aliyeukagua. Toleo la 1.6 la mwaka 2013 likaanza kukagua. Linanung'unika, kisha linaonyesha picha vizuri tu. Dawa ni kuihifadhi picha upya bila wasifu ule. Bado kuna wanaoamini libpng ndiyo mbovu.

Mzigo wote huu umebebwa na watu wa kuhesabika. Schalnat aliubeba 1995 hadi 1996, Andreas Dilger akaupokea hadi 1997, kisha Glenn Randers-Pehrson akakaa nao miaka 20 hivi, akisaidiwa na wachangiaji kama John Bowler. Tangu 2018 uko kwa Cosmin Truta. Majina hayo yamepangwa juu ya msimbo wenyewe, kwenye mistari ya hakimiliki, na wengi wanaoyapita huwa wanatafuta kitu kingine.

Hataza ya LZW iliisha muda wake Marekani Juni 2003, na GIF ikawa huru. PNG haikurudi nyuma. Juni 2025 W3C ilipitisha toleo la tatu la kiwango chake, likiingiza rasmi picha zinazocheza na rangi za skrini za kisasa, na mafaili ya miaka ya 90 yanaendelea kufunguka kama kawaida. Muundo uliruhusu hilo tangu mwanzo: faili limekatwa vipande vyenye majina ya herufi nne, na herufi ya kwanza ikiwa ndogo, programu isiyokijua kipande hicho inaruhusiwa kukiruka na kuendelea.

Ukiwa na kompyuta ya Linux, andika amri ya xxd kisha jina la PNG yoyote uliyo nayo, hata ile logo ya fulana. Juu utaona 89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a, ndizo zile baiti 8 kwa hesabu ya msingi wa 16. Shuka hadi chini kabisa. Faili likiwa zima, kwa kawaida litamalizikia na 49 45 4e 44, yaani herufi IEND, na baada yake ae 42 60 82. Kama hazipo, ujue bando lilikatika njiani. Mwombe aliyekutumia arudie, na safari hii atume kama dokumenti.